Mzee wa Sisibo

Msimu ule nilipewa kazi na mama mmoja mwenye duka la pembejeo hapa Eldoret. Alitaka fomu ya mtandaoni, mkulima aagize mbegu akiwa nyumbani kabla mvua za Machi hazijaanza, asipoteze siku nzima mjini kwa ajili ya pakiti chache za mahindi ya H614. Alikuwa na mawakala katika kaunti ndogo zote sita za Uasin Gishu, kwa hiyo kila mteja alipaswa kufikishwa kwenye ukurasa wa wakala wa kwao: wa Soy aone bei ya kuchukulia mzigo Ziwa, wa Kesses aone ya Cheptiret.

Kazi yenyewe si ngumu. Fomu hupeleka majibu mahali pamoja tu, kwenye seva. Pale programu husoma alichoandika mtu, kisha badala ya kumjibu kwa ukurasa, humrudishia namba 303 pamoja na anwani nyingine, na simu yake huenda huko yenyewe bila yeye kujua kwamba ameelekezwa. Mimi niliweka kisanduku kitupu chenye swali, “Unatoka wapi?” Akiandika Turbo, apelekwe Turbo. Akiandika Moiben, apelekwe Moiben. Na asiyelingana na jina lolote kati ya yale sita, aende kwenye ukurasa niliouandika kwa dakika mbili: “Samahani, bado hatujafika eneo lako.”

Niliijaribu mara sita, jina moja moja, kama nilivyoyaandika mwenyewe kwenye programu. Zote sita zilifika. Fundi anayejipima kwa futi aliyoichonga mwenyewe atakosaje?

Oda zikaja chache mno. Katikati ya Machi mama akaniuliza kulikoni. Nikamjibu, bila hata kufungua kompyuta, “Mama, wakulima wetu hawajazoea mambo ya mtandao.” Jibu hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe. Aliniamini. Akatoa pesa zake akalipia matangazo ya redio kuwahimiza watu waijaze fomu, na watu wakaitika, wakaja kwa wingi kugonga mlango nilioufunga mimi.

Wiki iliyofuata nilikuwa dukani nikinywa chai yake alipoingia mzee mmoja kutoka upande wa Kapseret, simu mkononi. “Kijana, hii kitu yako inasema hamjafika kwetu. Na mimi nimefika hapa kwa miguu.” Nikamwomba aijaze tena nikimwangalia. Kwenye kisanduku akaandika: Sisibo.

Aliyezaliwa hapa hahitaji kuelezwa. Mji huu ulichipuka kwenye shamba namba 64 la walowezi, na kabla ya jina Eldoret kutangazwa mwaka 1912 watu waliuita kwa namba hiyo. Sixty-four ikawa Sisibo kinywani mwa wenyeji, na wazee hawajaiacha. Mimi mwenyewe nyanyangu alipenda kusema anaenda Sisibo kuuza maziwa. Nililijua jina hilo kabla sijajua kusoma, lakini halikunijia hata mara moja nilipokuwa nikiandika programu.

Nikamuuzia mzee mbegu kwa mkono, nikakimbilia nyumbani kuchungulia seva. Ukurasa wa samahani ulikuwa umefunguliwa mara 113. Kwa nini, niliweza kukisia: “turbo” kwa herufi ndogo, “Soi”, “Moiben karibu na soko”, na nafasi ile ambayo simu hujiongezea yenyewe baada ya neno, isiyoonekana kwa macho lakini programu inaiona. Kukisia tu, maana nilikuwa nahifadhi oda baada ya kuelekeza, si kabla. Aliyeangukia kwenye samahani hakuandikwa popote. Seva ilitunza saa aliyofika na ukurasa aliopewa, basi. Jina na namba ya simu aliyoijaza kwa bidii vilipotea.

Usiku huohuo nikaondoa kisanduku, nikaweka orodha ya kuchagua yenye majina sita na la saba “Sijui / kwingine”, ambalo humpeleka mtu kwenye namba ya simu ya duka. Nikahakikisha kila kitu kinahifadhiwa kwanza. Asubuhi nikamwambia mama, “Nimeiboresha kidogo.” Akanishukuru, akanilipa salio langu lote. Nikalipokea.

Nilimweleza ukweli mwezi wa Mei, mahindi yakiwa magotini na hakuna tena wa kuuziwa mbegu. Alikuwa akihesabu noti za siku hiyo, na hakuacha kuhesabu.

“Ni wangapi?”

“113, mama. Labda wengine walirudia.”

“Majina yao?”

“Hayapo.”

Akafunga noti kwa mpira, akaniuliza kama nakumbuka tangazo la redio lilimgharimu pesa ngapi. Nilikumbuka. Nimeshamrudishia nusu.