Unaenda kwa Nani?

Kwetu Madogo, Kaunti ya Tana River nchini Kenya, mtu mzima akisema anasafiri peke yake, bila msiba, bila harusi, bila mzigo wa kuuza, watu huuliza amekosana na nani. Mama aliniuliza vivyo hivyo kwa simu nilipomwambia nimepewa likizo kiwandani na nataka kutoka Nagoya nizunguke Japani kwa treni, begi mgongoni, nikaangalie ngome na mahekalu. Kuangalia tu? Kuangalia tu, mama. Akaniombea dua ya msafiri, ile ndefu.

Japani haimuulizi mtu kitu. Hilo lilinishangaza kuliko kasi ya treni za Shinkansen. Tikiti unanunua kwa mashine. Namba ya behewa imechorwa sakafuni pale stesheni, na mlango wa treni unakuja kufunguka hapo hapo. Begi unalihamishia kifuani lisigonge watu, simu unainyamazisha. Kondakta akifika mwisho wa behewa anageuka na kuwainamia abiria ambao nusu yao wamelala. Treni ikichelewa, wanatoa karatasi ya kuthibitisha, ukamwonyeshe bosi. Ile pasi ya reli inayosifiwa mitandaoni ni ya watalii, sisi wakaazi hatuipati. Na tangu Oktoba 2023, ya siku saba ilipopanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, sijaionea wivu. Mimi nilikata ile ya Seishun 18, ya treni za polepole, ambayo yeyote anauziwa. Unaweza kuvuka nusu ya nchi bila kufungua kinywa.

Ngome ya Himeji huhitaji kuiulizia. Ukitoka stesheni, barabara imenyooka na ngome iko mwisho wake, nyeupe, mnara wake mkuu ukiwa umesimama tangu 1609. Mji uliteketezwa kwa mabomu mwaka 1945, yenyewe ikabaki. Mlangoni unavua viatu, unapewa mfuko wa plastiki uvibebe mwenyewe, kisha unapanda kwa soksi ngazi za mbao zilizosimama karibu wima. Kwenye kuta kuna matundu ya mishale na bunduki, mengine ya mviringo, mengine ya pembe tatu. Ghorofa ya juu kabisa kuna hekalu dogo la Kishinto. Wazee wawili walionitangulia, wakihema, waliinama mara mbili, wakapiga makofi mara mbili, wakainama tena. Mimi Mwislamu nilisimama pembeni na mfuko wangu wa viatu. Hakuna aliyenitazama vibaya, wala aliyenitazama.

Alasiri niliswali Kobe, kwenye msikiti uliojengwa 1935, wa kwanza Japani, ulionusurika vita na tetemeko la 1995. Hapo ndipo mzee mmoja wa Kipakistani aliponishika mkono baada ya salamu, akataka kujua natoka wapi, baba anafanya kazi gani, na kwa nini sijaoa. Nikajiona niko stendi ya Garissa.

Lakini pahali palipoingia moyoni ni Ise. Mahekalu yake makuu hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, ya 62 kwa hesabu yao, na inayofuata ni 2033. Kando ya jengo kuna kiwanja cha changarawe kinachosubiri zamu yake. Mbao ni changa, ufundi ni wa kale: aliyekuwa mwanagenzi mwaka 1993 alikuja kuwa fundi anayefundisha wengine mwaka 2013. Ndani inaaminika mna kioo kitakatifu ambacho watu hawaoni. Unafika kwenye ngazi za mawe, kamera unazima, mbele yako kuna pazia jeupe, basi.

Mbele ya lile pazia nilikumbuka ngadzi. Ngoma hiyo kuu ya Wapokomo, jirani zetu wa Mto Tana, nayo haikuwa ya kutazamwa ovyo. Ilifichwa, na asiyeingizwa katika siri zake alisikia mshindo tu. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliichukua, na 1908 ikaingia British Museum, London, ambako imewekwa ghalani. Bado imefichwa. Ila sasa wenye ufunguo si wenye ngoma.

Niliporudi nyumbani nikataka kusafiri vile vile, kutoka Madogo hadi Kipini, nikaone magofu ya Ungwana. Madogo na Kipini zote ziko Kaunti ya Tana River. Treni hakuna: mradi wa bandari na reli wa LAPSSET ulizinduliwa Machi 2012, bandari ya Lamu ikafunguliwa 2021, na reli iliyokusudiwa kupita Garissa ingali mstari kwenye ramani. Kuna basi la Mombasa linalotoka Garissa, abiria wakiwa wameshashushwa darajani kuonyesha vitambulisho. Mvua ikizidi hata hilo halipiti. Aprili 2024 mto uliikata barabara ya Garissa na Madogo, watu wakavushwa kwa boti, na boti moja ikazama na watu.

Kabla hatujafika Hola nilikuwa nimeshajulikana. Mama mmoja mwenye mtungi wa maziwa alianza na jina la baba, akapanda hadi kwa babu, akampata shemeji yake katikati. Nje tunapishana na Probox, gari ambalo Japani humbeba mwuza bidhaa mmoja na tai yake, na huku hubeba watu hadi kwenye buti.

Kwenye kizuizi kimoja, afisa alilitaka begi.

"Unaenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Naenda kuona magofu."

Hilo si jibu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, wakati mabasi ya Lamu yalipoanza kusindikizwa kwa msafara, kijana mwenye begi na kitambulisho cha kwetu anayekwenda upande ule hawezi kuwa mtalii. Soksi zangu zilikuwa tayari zimetandazwa barabarani wakati yule mama alipotoa kichwa dirishani: "Afande, huyo ni mtoto wetu." Nikarudishiwa begi. Kijana mwingine, ambaye hakuwa na wa kumsemea, tulimwacha pale.

Kwa hiyo wenzangu wa ughaibuni wanaponiambia nyumbani kuna utu na Japani kuna mashine, naomba wanisamehe. Ule utu ulinifaa mimi. Ile mashine ya tikiti ingetufaa sote wawili.

Ungwana sikuona kibao. Mwanaakiolojia James Kirkman alipachimba miaka ya 1950, akachapisha kitabu 1966. Mwenye kukumbuka zaidi ya kitabu ni mzee wa Kipini aliyeniongoza kwa mkongojo hadi kwenye kuta za msikiti wa Ijumaa, mihirabu ikiwa imezungukwa na vichaka. Alinisimulia habari za shujaa Liyongo, ambaye watu wa Ozi huonyesha kaburi lake. Alizijua kwa mpangilio, mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza anamfundisha nani. Akasema vijana wako Malindi, kwenye pikipiki.

Mwenye nia ya kwenda: panda basi la Mombasa asubuhi, shuka Minjila, dandia gari la Lamu, kisha boda hadi Kipini. Beba kitambulisho na maji. Na piga simu Kipini kabla hujaondoka, upate jina la mtu wa kutaja njiani.