Nibebe, Baba Junior!

Basi bwana, sijawahi kucheka na kulia siku moja kama Jumamosi ile ya Julai 2024, kule Sonkajärvi, mji mdogo wa Finland wenye watu kama 4,000 hivi.

Mie na Baba Junior tulikuwa tumekwenda Helsinki kumtembelea kaka yake. Tiketi nilinunua mimi. Naitaja kwa sababu ndiyo kisa chenyewe. Mwenzangu alipunguzwa kazini mwaka mmoja kabla, kodi ya nyumba na ada ya mtoto vikahamia kwangu, na siku moja kwa hasira nikamtamkia: "Mwanaume mzima nakubeba!" Neno likishatoka halirudi. Toka siku hiyo tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Shemeji hakuuliza kitu, ila macho anayo. Akatupakia kwenye treni ya kwenda Iisalmi, safari ya zaidi ya saa nne, kisha basi. "Nendeni mkaone wenzenu wanavyobebana," akasema.

Mchezo wenyewe unaitwa eukonkanto, yaani kubeba mke, na mashindano ya dunia yanafanyika hapo tangu 1992. Wenyeji wanausimulia kwa Rosvo-Ronkainen, jambazi wa karne ya 19 ambaye eti hakumpokea mtu kwenye genge lake mpaka amwone akikimbia na mzigo mzito mgongoni. Siku hizi ni kichekesho, lakini kina sheria zake. Njia ni mita 253.5, ina vizuizi viwili vya nchi kavu na dimbwi la maji lenye kina cha kama mita moja. Mke si lazima awe wako, hata wa jirani ruksa! Akiwa chini ya kilo 49 anavishwa begi la kujazia uzito. Ukimwangusha, unaongezewa sekunde. Na mshindi anapewa bia kwa uzito wa mke. Shosti, kilo tunazozificha huku, kule ni mtaji.

Wengi wanabeba kwa mtindo wa Waestonia, ambao mwaka 2000 waliweka rekodi ya sekunde 55.5. Mke ananing'inia mgongoni kichwa chini, mapaja yamebana shingo ya mume, mikono imemkumbatia kiunoni. Mwanzoni niliona ni udhalilishaji. Lakini nilipotazama vizuri nikagundua anayebebwa naye ana kazi. Akilegea tu, mume anayumba. Na wakifika dimbwini, kichwa kinachozama ni cha mke.

Jioni, saa 4 usiku jua bado linawaka, Baba Junior akachuchumaa kwenye nyasi nyuma ya nyumba tuliyofikia. "Panda."

"We, nina kilo 74!"

"Panda, Mama Junior."

Nikapanda. Kichwa chini sikuona kitu zaidi ya visigino vyake. Hatua kama kumi hivi, puu! Wote chini. Tukacheka mpaka machozi, halafu yeye akanyamaza.

"Kubebwa hakuniumi," akasema akitazama angani. "Kinachoniuma ni kutangaziwa."

Sikuwa na la kujitetea. Nikamwomba msamaha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akanyanyuka, akajipangusa nyasi, akachuchumaa tena.

Tuliporudi Dar hali ya pesa ilikuwa ileile, na kodi niliilipa mimi kwa miezi mingine saba. Ila nyumbani kukawa na maongezi.

Msomaji wangu, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwenye ndoa tunabebana kwa zamu. Zamu yako ya kubeba ikifika, beba bila kumpigia mwenzio kelele. Na ukibebwa, jikaze, usimlegelee mwenzio.