Atanguliaye Barabarani

Mji wa Bariadi ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliofanywa mwaka 2012 kwa kumega nchi ya Shinyanga na ya Mwanza. Barabara kuu yatoka Lamadi, karibu na ziwa, yapita Bariadi, kisha yaendelea Maswa. Zamani, kabla ya lami, gari lilitangaza kuja kwake kwa vumbi lililoonekana toka mbali, na mtu alikuwa na nafasi ya kukaa kando. Lami haina vumbi. Wakati wa mavuno ya pamba hupita hapo malori yaliyojaa marobota, na mabasi, na bajaji, na baiskeli, na pikipiki zisizohesabika.

Siku moja ya soko, jioni, kijana mmoja alifika penye kivuko chenye milia myeupe, kile ambacho watu hukiita pundamilia. Mkononi alishika simu, naye alikuwa akisoma habari ya bei ya pamba aliyoletewa na nduguye. Nyuma yake walisimama watu watano au sita, na wa mwisho wao ni msichana mdogo mwenye dumu la maji kichwani. Dereva wa lori akapunguza mwendo, akasimama. Kijana akaingia barabarani, na wote wakamfuata. Hakuna aliyetazama kulia wala kushoto, kwani kila mmoja alitazama mgongo wa mwenziwe.

Hata walipofika katikati, kijana akasimama. Bei ile haikumpendeza, akaanza kuandika majibu papo hapo. Waliomfuata wakamgonga mgongoni. Wengine wakarudi nyuma, wengine wakampita kando. Msichana akasukumwa, akatokea mbele ya wote. Wakati huo huo mwenye pikipiki, aliyekuwa nyuma ya lori, alichoka kungoja jambo asiloliona. Akatoka upande wa kulia ili alipite lori.

"Mwanangu, rudi!" akapiga kelele mama mmoja auzaye mboga kando ya njia.

Msichana akasita. Pikipiki ikapinda, ikaanguka, ikaburuzika mpaka ukingoni. Dumu likapasuka, maji yakatapakaa juu ya lami. Mwenye pikipiki aliinuka akichechemea, msichana hakuumia. Mama yule akamwendea kijana, wala hakumfokea. Akasema polepole, "Baba, wewe ndiwe uliyekuwa macho yao."

Kijana alikuwa na hakika kwamba amepoteza sekunde chache tu. Barabara ya upana wa mita 7 huvukwa kwa sekunde sita hivi, na aliyeinamia simu huchelewa kidogo zaidi. Lakini nyuma ya lori yalikuwa yamekwisha kusimama magari mengi, nayo hayawezi kuondoka yote kwa mara moja. Kila dereva hungoja wa mbele yake aondoke kwanza, na kati ya gari na gari hupita yapata sekunde 2. Hivyo gari la kumi hukaa sekunde 20 hivi baada ya njia kufunguka. Na katika kungoja huko ndiko huzaliwa haraka kama ile ya mwenye pikipiki. Tena chombo kiendacho kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akishtuka, amekwisha kupita urefu wa darasa zima kabla hata ya kukanyaga breki. Kwa sababu hiyo dereva mwema humtazama usoni mtu aliye ukingoni, apate kujua nia yake. Aliyeinamia simu hana uso wa kusomwa.

Jambo hili limepimwa na wataalamu wa Japani, nao walitoa matokeo yao mwaka 2021. Walipanga makundi mawili ya watu 27 kila moja, wakayaambia yakutane na kupishana katika njia moja. Kwa kawaida watu wakipishana hivyo hujigawa wenyewe safu safu, pasipo amri ya mtu. Lakini watu 3 wa kundi moja walipopewa simu zenye hesabu ndogo za kufanya, wakawekwa mbele, mwendo wa wote ulipungua na safu zilichelewa kufanyika. Hata wasio na simu walianza kukwepana kwa ghafula. Watu wale wale watatu walipowekwa nyuma, fujo haikuwa kama ile.

Wachungaji wa Usukuma hawakungoja wataalamu. Wafikapo barabarani na ng'ombe zao, mmoja hutangulia na fimbo, hutazama pande zote mbili, ndipo amruhusu ng'ombe wa kwanza. Wajua kwamba huyo akiisha kuingia, waliobaki hawaulizi neno.

Jioni ile kijana alinunua dumu jingine, akaenda na msichana bombani kuteka maji. Waliporudi penye milia, alilibeba dumu yeye mwenyewe. Simu ikalia mfukoni. Akaiacha ilie, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Basi moja likasimama. Kijana akamtazama dereva mpaka dereva akatikisa kichwa, ndipo akamwambia msichana, "Haya, twende."