Vistari Viwili

CSS haigombi. Lugha nyingi za kompyuta zikikuta kosa zinasimama na kukuonyesha mstari wenye shida. CSS, ile lugha ya kupamba kurasa za mtandaoni, ikikuta neno isilolijua inaliruka tu na kuendelea na safari, kama matatu iliyojaa inayopita abiria stejini. Iliundwa hivyo makusudi, ili kivinjari cha zamani kiweze kufungua ukurasa wenye maneno mapya. Ni huruma nzuri, ila kwa anayejifunza inafanana sana na kupuuzwa.

Ninajifunzia hapa Kamere, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipokataa. Nikaishi kwa kuandika makala za watu mtandaoni, na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kazi hizo zimekonda. Wateja waliobaki huuliza swali moja: unaandika tu, ama unaweza kututengenezea na tovuti? Mwenye boti mmoja anayepeleka wageni kuona viboko aliniuliza vivyo hivyo. Alitaka ukurasa wenye rangi ya ziwa jioni, na pesa angetoa siku ataona kwa macho. Mimi nilikuwa nimeshaipigia hesabu: kodi ya mwezi, na inayobaki, unga.

Rangi ya ziwa jioni ni gradienti, yaani rangi moja ikiyeyuka polepole kuwa nyingine. Rangi zenyewe unaziweka ndani ya vigeugeu. Neno hilo Wakenya tunalijua kwa wimbo wa Jaguar, mtu asiye na msimamo. Mimi nalitumia kwa jina unaloipa rangi: ukiibadilisha mahali pamoja, inabadilika kila mahali. Jina hilo lazima lianze kwa vistari viwili.

Nilifuata somo hatua kwa hatua. Ukurasa ukabaki mweupe pe. Siku tatu, bando zikiisha, mweupe pe.

Dawa ilikuwa kupunguza. Nilitoa vigeugeu, nikaandika rangi moja kwa moja ndani ya gradienti, ikatokea. Basi gradienti ni nzima. Nikarudisha vigeugeu, ikapotea. Basi shida iko kwenye majina. Nikakuza maandishi mpaka yakajaza skrini ya simu, na kumbe! Palipofaa kuwa na vistari viwili palikuwa na kimoja kirefu. Somo lilitumwa likiwa faili la programu ya kuandikia barua, na programu za aina hiyo hupenda kuunganisha vistari viwili, zikidhani zinakusaidia. Kwa CSS, jina la namna hiyo si kigeugeu, ni neno geni. Likarukwa. Na gradienti ikikosa rangi moja haichorwi nusu, yote inaachwa.

Nikaandika upya kwa mkono. Jioni ikatokea, lakini katikati ilikuwa na utando kama maji ya kufulia.

"Mbona jioni yako ina vumbi?" Mama akauliza.

Vumbi hilo ni la hesabu. Kwenye skrini buluu kamili ni 0, 0, 255. Manjano kamili ni 255, 255, 0. Ukienda moja kwa moja kutoka ya kwanza hadi ya pili, nusu ya njia namba zote tatu zinafika karibu 128, na hiyo ni kijivu tupu.

"Si uangalie nje," Mama akasema. "Kabla ya manjano kuna waridi. Kabla ya waridi kuna zambarau."

Yeye hupanga maua kwa urefu wa shina siku sita kwa wiki, rangi haimpiti. Nikaongeza vituo viwili katikati, vumbi likaisha.

Zambarau niliyochagua CSS inaiita rebeccapurple, namba zake 102, 51, 153. Rebecca alikuwa binti ya Eric Meyer, Mmarekani ambaye vitabu vyake vimefunza wengi CSS. Alifariki Juni 2014, siku aliyotimiza miaka sita. Alipenda zambarau, na mwezi huohuo rangi hiyo ikaingizwa kwenye CSS kwa jina lake. Nilisoma hayo usiku, nikaweka simu chini kidogo.

Karibu maneno yote ya CSS ni ya Kiingereza na yalipangwa mbali na hapa. Lakini baada ya vistari viwili unaachiwa uwanja. Vigeugeu vyangu vinaitwa --ziwa, --jioni, --waridi-ya-mama.

Mwenye boti aliutazama ukurasa akiwa amesimama matopeni, akaupandisha na kuushusha mara mbili, akanitumia pesa kwa M-Pesa hapo hapo. Majina hayo hakuyaona, na wageni wake hawatayaona. Ila atakayeitwa kuurekebisha siku moja atafungua msimbo na kukutana na Kiswahili, na kama ni wa huku hatahitaji kuelezwa.