Vibao vya piano vinapocheza: kitambaa, gundi na koleo

Tangu mlipopata habari kwamba piano ya ukumbi wetu imerudi kazini, vikundi kadhaa hapa Lubumbashi vimetuuliza kwa nini hatukuiuza, na zile feza za likelemba zilikwenda wapi. Juma hili tunajibu.

Wengi mnajua namna sanduku letu linavyojaa. Watoto 23 wanajifunza piano siku ya posho, kila mmoja analeta kidogo kila mwezi, na feza hizo zinasaidia minervali ya watoto wa mama wajane. Piano ikinyamaza, sanduku linanyamaza pia. Na ilikuwa karibu kunyamaza. Vibao vyake vilikuwa vinacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita: ukigusa kimoja kinakwenda kushoto, kinasugua jirani yake, kinatoa mlio wa mti kugonga chuma. Mwalimu alituambia wazi kwamba mtoto anayejifunza juu ya vibao vya namna hiyo anazoesha vidole vyake vibaya. Wazazi watatu waliwaondoa watoto wao.

Katika mkutano yalitoka mashauri matatu. La kwanza, tumuuzie papa mmoja aliyetaka mbao zake atengeneze kabati. La pili, tununue kinanda cha umeme. Lakini umeme wa mtaa wetu kila mmoja anaujua, na bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya kile tulichokuwa nacho. La tatu, tutengeneze. Mama mmoja mshonaji ndiye aliyeligeuza shauri. Aliomba kibao kimoja kitolewe, akakiangalia kwa chini, akasema: «Hii ni kazi ya kitambaa.» Na ndivyo ilivyokuwa.

Kibao cha piano ni kirefu kuliko unavyoona; sehemu kubwa imefichwa ndani. Kimekaa kama mizani. Katikati kinapita kijiti cha chuma, na mbele, chini ya fasi unayoweka kidole, kuna tundu ambamo kinaingia kijiti cha pili. Kuta za matundu hayo mawili zimevikwa kitambaa cha sufu kilichofumwa kwa kubana, ili mti usiguse chuma. Kitambaa kikiliwa na miaka, na nondo, na panya, nafasi inabaki na kibao kinaanza kuyumba. Hesabu yenyewe inaweza kukutisha: vibao 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36, kila kimoja matundu mawili, kila tundu pande mbili. Vipande 352 vya kitambaa! Mama mshonaji alicheka tu. Alisema nguo moja ya arusi ina kazi zaidi.

Kabla ya kununua kitu, chunguza ugonjwa uko wapi. Shika ncha ya mbele ya kibao, ikisukume pembeni polepole. Kama ncha ndiyo inayotembea sana, kitambaa cha mbele kimekwisha. Kama kibao kinalala upande kuanzia katikati, ni kitambaa cha katikati. Lakini kama kinakwenda mbele na nyuma, kama droo, basi shimo la mti lenyewe la chini, lile la katikati, limepanuka, na kitambaa hakitasaidia. Kwetu vilikuwa vinne tu vya namna hiyo. Fundi alipaka kuta za shimo gundi nyepesi, akaacha ikauke, mti ukabana tena.

Fundi wa kwanza tuliyemuita alitaka kumaliza kazi yote kwa saa moja. Vile vijiti vya mbele si vya mviringo, ni bapa kidogo kama yai. Ukivizungusha kidogo vinajaza nafasi na kibao kinaacha kuyumba. Ni kweli kinaacha. Lakini sasa ukingo wa chuma ndio unaosugua kitambaa, nacho kinakatika upesi zaidi. Tulimshukuru, tukamtafuta mwingine.

Fundi wa pili alitoa mtambo wa nyundo kwanza, na hiyo kazi tulimwachia yeye peke yake, kwa sababu mkono wa nyundo ukivunjika ni gharama mpya. Kisha vibao vikanyanyuliwa. Vina namba zilizopigwa kwenye mti, 1 mpaka 88 kutoka kushoto, tukavipanga juu ya meza kwa kufuata namba. Chini yake tulikuta penseli mbili, kitana, na kiota cha panya kilichofumwa kwa sufu ya piano yenyewe. Pete za karatasi zilizo kwenye vijiti msizichanganye, hata zikionekana kama takataka. Ndizo zinazoshika urefu wa kila kibao.

Kitambaa cha zamani hakikwanguliwi kwa kisu. Gundi ya piano za zamani inatoka katika ngozi za wanyama, na inalegea kwa joto na unyevu. Tulilowesha kitambaa kwa maji moto kidogo sana, tukangoja, kikatoka chenyewe kwa kibano. Kisha vibao vilikaa kivulini mpaka siku iliyofuata. Kivulini, mama, si kwenye jua: mti utapinda.

Kuhusu kitambaa, wengine walileta shauri la koti kuukuu la sufu kutoka balo. Tulilijaribu kwa kibao kimoja. Jaribio la kwanza ni la moto: uzi wa sufu ukiuchoma unanuka nywele, uzi wa plastiki unayeyuka na kuwa kitone kigumu. Koti lilikuwa sufu ya kweli, lakini nene mno na limefumwa kwa kulegea, likajaza tundu lote. Basi tulimwomba binti wa mama mmoja aliyeko Ubelgiji atume kitambaa chenyewe cha piano. Ni chepesi, kiliingia katika sanduku la mgeni aliyekuwa anarudi.

Upande wa vyombo, hapa ndipo tungependa msikilize vizuri, maana duka litakuuzia kila kitu. Kwanza kipimo cha chuma cha mafundi wa magari, kile chenye taya mbili, tuliazima. Pima unene wa kijiti cha piano yako. Katika piano nyingi ni milimita 3.7 hivi, lakini za zamani za Ulaya zinaachana, kwa hiyo usiagize kitu bila kupima. Pili, vipande vya mti mgumu vya kusukumia kitambaa ndani na kukishikilia mpaka gundi ikauke, vyenye unene sawa na kijiti. Hivi vinauzwa, lakini seremala wetu alivichonga 40, ishirini vya mbele na ishirini vya katikati, tukavipaka nta ya mshumaa visishikwe na gundi. Kwa hiyo tulifanya vibao ishirini-ishirini, zamu tano. Tatu, wembe mpya. Wembe butu unavuta nyuzi.

Gundi tulitumia ya ngozi, tukaipasha katika kopo lililokaa ndani ya maji moto juu ya babula, kama unavyopasha uji wa mtoto. Isichemke, ikichemka nguvu inapotea. Vijana walituambia gundi nyeupe ya chupa ni rahisi zaidi. Ni rahisi leo, lakini atakayekuja kubadilisha kitambaa baada ya miaka thelathini ataitoaje?

Chombo kimoja tu hatukuweza kuchonga wala kuazima: koleo la kulegezea vibao. Taya zake ni laini na zinafunga sambamba, moja inaingia katika tundu, nyingine inabaki nje ya mti. Koleo la kawaida linafunga kama mdomo wa mamba, linauma upande mmoja na kupasua ukuta mwembamba wa kibao. Kitambaa kipya kikibana mno, unakandamiza kidogo kwa koleo hilo, unarudisha kibao, unajaribu. Nyanyua ncha ya mbele na kuiachia: lazima ianguke kwa uzito wake. Pembeni iachwe nafasi ndogo tu, unayoisikia kwa kidole kuliko kuiona.

Sisi tulifanya kazi mwezi wa saba, wakati mti umekauka. Fundi alisisitiza tusibane hata kidogo zaidi, kwa sababu mvua zikianza mti na sufu vinavimba, na vibao vingeshikwa mwezi wa kumi na mbili. Vijiti vya chuma vilisuguliwa tu kwa dawa ya kung'arishia chuma, vikapanguswa vikauke. Mafuta yoyote, hata ya cherehani, ni hapana: yanalowesha sufu na kukusanya vumbi.

Yote yalifika dola 160, fundi pamoja. Watoto wawili kati ya wale watatu wamerudi. Wa tatu amehamia Kolwezi na wazazi wake.

Vyombo viko katika sanduku la mweka hazina. Kipimo kimerudishwa kwa mwenyewe, na vile vipande vya mti kikundi chochote kinaweza kuviazima kwa kuandika jina. Koleo haliazimwi. Mwenye kulihitaji aje na kibao chake, siku ya posho baada ya masomo.