Kuomba Kazi, Kulipia Kazi

Katika Kiswahili, neno kuomba hubeba maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana. Maskini huomba chakula, na mhitimu wa chuo kikuu huomba kazi. Wote wawili ni waombaji. Tofauti iliyopo ni kwamba maskini halipii ombi lake, ilhali mtafuta kazi hulilipia, tena kabla hajajua iwapo limesikika.

Jambo hili hudhihirika Kiptere, katika kaunti ya Kericho, ambako riziki ya familia nyingi hupimwa kwa kilo za majani mabichi ya chai. Mkulima mdogo hupeleka majani kituoni, yakapimwa, naye akalipwa kiasi fulani kila mwezi na bonasi baadaye. Iwapo malipo ya mwezi ni shilingi 25 kwa kilo, basi cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho ada yake ni shilingi 1,050, ni sawa na kilo 42. Cheti cha kumbukumbu za mikopo, cha shilingi 2,200, ni kilo 88. Kwa vyeti hivyo viwili pekee, mama amechuma kilo 130, jani kwa jani, kabla barua ya mwanawe haijafunguliwa na yeyote.

Hizo ni gharama zenye risiti. Zisizo na risiti ni nyingi zaidi. Kuna nauli ya kwenda mjini Kericho kupigwa alama za vidole. Kuna nakala za vyeti vya shule, picha za pasipoti, na muhuri wa wakili anayeshuhudia kiapo. Cheti cha ulipaji ushuru hutolewa bila ada, lakini asiye na kompyuta humlipa mhudumu wa saiba ili amwombee kitu cha bure. Nacho hudumu miezi 12 tu. Kazi isipopatikana, safari huanza upya. Ama kweli, mkono mtupu haulambwi.

Kizito zaidi ni cheti cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Aliyesomeshwa kwa mkopo hutarajiwa kuanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na sheria imeweka faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Kwa hesabu ile ile ya Kiptere, hizo ni kilo 200. Aliyekosa kazi hushindwa kulipa. Aliyeshindwa kulipa huogopa hata kukaribia ofisi inayotoa cheti. Asiye na cheti huachwa nje ya mlango wa kazi. Deni lililokusudiwa kumfikisha kazini ndilo linalomzuia kuingia.

Zipo pia gharama ambazo haziwezi kupimwa kwa kilo. Nchini Kenya, hongo huitwa chai, na katika ardhi inayolima chai neno hilo huchoma maradufu. Aghalabu fedha huwa si kitu pekee kinachodaiwa. Mnamo Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mwanahabari aliyejifanya mtafuta kazi aliitwa kwenye mahojiano, akajikuta katika chumba cha hoteli, akitakiwa avue nguo. Huyo alikuwa na wenzake karibu wa kumwokoa. Binti anayekwenda peke yake ana nani?

Si kwamba taifa halikuliona tatizo. Mwaka 2022, Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asidai vyeti vya uidhinisho isipokuwa kwa yule anayekusudia kumpa mkataba. Hata hivyo, mhitimu anayehofia jina lake kuachwa orodhani huvitafuta mapema, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ana haki ya kungoja.

Hapo ndipo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana wajibu. Katiba ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi sambamba na Kiingereza, lakini sheria iliyomwondolea mwombaji mzigo imeandikwa kwa Kiingereza. Kifungu chake hakizidi maneno machache. Kikitafsiriwa vyema na kubandikwa kwenye kituo cha kupimia chai, mama aliyeinama shambani atajua kwamba kilo 130 alizochuma zingeweza kungoja. Haki isiyofahamika kwa anayeihitaji haina tofauti na haki isiyokuwapo.