Kupanda Kabla ya Baridi

Hapa Toronto, sakitu ya kwanza huua mchicha na nyanya kwa usiku mmoja. Ndiyo maana kila Oktoba twachuma nyanya mbichi ziivie ndani, twaanika mbegu za mchicha, kisha twafukia punje za kitunguu saumu chini ya majani makavu. Mavuno yake ni Julai.

Mwaka huu mama mkwe, aliyekwisha pewa habari nzito na daktari, alishikilia kupanda kwa mkono wake. Nilimsihi apumzike. Akanijibu: “Mwanangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa akilacho mtu au ndege katika mmea wako ni sadaka yako. Hakushurutisha nile mimi.”

Tulipanda safu tatu. Mola amjaalie afya. Tukivuna, inshallah, fungu la kwanza ni la jirani.